Mwamba Raketi

Stima yetu ina tabia zake:
huondoka magharibi, hurudi usiku wa manane
kama mume asiyeeleza alikotoka.
Kwa hivyo yule bwana wa Nyali aliponionesha mashine ya umeme,
vitufe vyake, nambari zake nyekundu,
nikamwambia nzuri, bwana, lakini itaniacha gizani
na raketi nusu uchi.

Ya pili ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono,
springi yake imechoka:
yasema hamsini, yavuta arobaini na tano.
Nimenunua nyanya Marikiti miaka ishirini,
naijua mizani ya namna hiyo.

Niliyoileta Kibokoni, juu ya mkokoteni, imevikwa gunia,
ni ya jiwe.
Mkono mmoja wa chuma, jiwe moja la duara.
Sogeza jiwe mpaka kwenye alama, achia.
Mkono ukilala sawa na meza, uzi umevutwa.
Usipolala, inua, anza tena.
Kakangu Adnani akacheka: "Umetununulia mizani ya papa!"
Ndiyo, nikamjibu,
ila hii haina kidole cha muuzaji.

Marehemu babangu aliwamba vitanda kwenye baraza ya Kuze,
kamba kwenye vidole vya mguu, ncha kwenye meno.
Nikadhani kazi ni ile ile:
mtande, kisha mshindio,
juu, chini, juu, chini.

Baada ya isha nikaanza.
Nyuzi za urefu kwanza, kutoka katikati,
kulia moja, kushoto moja, fremu isije ikapinda.
Kibano kikateleza. Tak!
Ratili hamsini na mbili zimekwenda na maji.
Nikakisugua meno kwa spiriti,
maana chumvi ya hewa ya hapa hula hata bawaba.
Tundu moja lilikataa uzi, nikalishawishi kwa msharasi.
Na kwenye mshindio wa kumi na moja
ndipo nilipoona kosa la mshindio wa tatu:
juu, juu.
Nikafumua. Sikusema neno. Adnani alikuwa macho.

Alfajiri nikaipiga kwa kiganja, ikalia kama sinia.

Nasra akaenda nayo uwanjani, akarudi nayo kwapani.
"Mama, imekaza. Mpira hauniambii kitu.
Nani alikwambia hamsini na mbili?"

Hakuna.
Fremu imeandikwa toka hapa hadi hapa,
nami nikachukua ya juu,
nilitaka binti yangu apige, asikike hadi Tononoka.
Mwamba ngoma huvutia kwake,
babangu akisema hivyo kila mteja alipolalamika,
na mimi nikidhani ni maneno ya vitanda.
Jiwe halina upande.
Lakini mkono uliolisogeza ulikuwa wangu.

Juzi nimezikata zote, kwa mkasi wa vitambaa,
nikamwita akae kwenye kigoda changu.
Sogeza wewe.
Akalirudisha jiwe nyuma, nyuma zaidi,
akafikiri, mbele kidogo.
Arobaini na sita.
Ulimi wangu nikaubana kwa kile kile kibano.

Tulipofika nusu, stima ikaondoka zake.
Nasra akaweka simu yake juu ya kopo la unga, tukaendelea,
mkono wa chuma ukishuka polepole kwenye kile kimwanga,
ukilala,
yeye akisema "sawa" kabla sijasema mimi.

Vipande vya zamani sikuvitupa.
Kimoja kimefunga gunia la mchele.
Kimoja Adnani ameunganishia miwani yake iliyokatika,
anatembea nayo mjini kama kitu cha dukani,
ila analalamika yambana masikio.
Nimemwambia ailete Jumamosi,
nitampunguzia ratili mbili.